Yaliyoandikwa Baada ya Mwisho

Jumatatu, 3 Februari

Jedwali limetoka mapema leo. Visima vyote vimejibu isipokuwa kimoja cha upande wa Elwak, mtandao umekufa tena huko. Joto la kuua. Feni ya ofisi inazungusha vumbi tu.

Kazi ni ileile. Kila asubuhi waendesha mashine za visima, kutoka hapa Garissa hadi Mandera, wanatuma ujumbe wa simu. Walifundishwa kuandika maneno manne kwa mpangilio: KISIMA, MAJI, MASHINE, MWISHO. Katikati ya maneno hayo kila mtu hujaza lake. Mmoja huandika "yapo", mwingine "kidogo", mwingine "alhamdulillahi", naye ana maana kwamba yapo. Mimi sisomi. Mwaka jana niliandika ruwaza, mstari mmoja wa alama, na ruwaza ndiyo inayosoma. Inatafuta MAJI, inatafuta MWISHO, inachukua chochote kilicho katikati. Nukta na nyota: herufi yoyote, mara zozote. Kilicho nje ya hapo kinaachwa.

Bwana Kioko, mkuu wangu, hupeleka jedwali kwenye mkutano wa ukame. Huko ndiko wanakoamua malori ya maji yaende wapi. Amesema la leo ni safi. Kwake safi ni lile lisilo na maneno mengi.

Mama ameuliza tena kama nitaolewa tena. Nimemwambia nimechoka. Ni kweli, ingawa si jibu.

Jumatano, 5 Februari

Jedwali limeharibika. Kisima cha Takaba, kile cha nne, nje ya mji. Pale panapotakiwa neno moja au mawili kumejaa aya nzima, imesukuma safu zote pembeni. Kioko alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, gari linamngoja.

Niliona kosa upesi. Ni langu. Nyota ni mlafi. Haitosheki na MWISHO wa kwanza, hukimbia hadi wa mwisho kabisa inaoweza kuufikia. Mwaka mzima haikuwa shida kwa sababu watu huandika neno hilo mara moja tu. Leo mwendesha mashine wa Takaba kaliandika mara mbili, na ruwaza haibagui herufi kubwa na ndogo.

Dawa yake ni alama ya kuuliza. Unaiweka baada ya nyota, na ruwaza inajifunza kusimama kwenye MWISHO ulio karibu. Nikaiweka. Jedwali likanyooka. Kioko akaondoka.

Kisha nikarudi kuangalia lile lililokuwa limeingia. Aya ilikatika hivi: "naona hii ni". Nikafungua ujumbe wenyewe kama ulivyotumwa. Naunakili:

"KISIMA takaba nne MAJI imebungua MASHINE msima MWISHO. Dada bole na kasi. Sadia bado na homa, hakulala. Kama Mungu hatasaidia naona hii ni mwisho yake. Salimia watu ya Garissa."

Anaandika kama anavyosema, p inakuwa b, z inakuwa s, kama Baba, Mungu amrehemu, Msomali wa Wajir aliyejifunza Kiswahili kwa Mama. Nilisikia kabisa sauti ya Baba.

Sadia ni nani? Na dada ni nani?

Nimekula vijiko viwili. Mama amefikiri mchuzi ni mbaya.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika ruwaza ya pili. Hii inafanya kinyume cha ile ya kwanza: inaacha ripoti, inachukua kila kilichofuata MWISHO. Nikaipitisha kwenye jumbe zote tangu tuanze.

Wengi hawana kitu, au wana "asante". Wa Rhamu anatafuta mtu wa kununua pikipiki. Lakini wa Takaba. Anaitwa Bashir, Sadia ni mkewe, Hamdi ni binti yao mdogo. Karibu kila siku, mwaka mzima.

"Dada asubuhi njema. Leo ubebo mingi."

"Hamdi ametembea. Hatua kidogo akaanguka akacheka. Nilitaka kuambia mtu."

"Ngamia ya jirani amesaa. Sadia anasema wewe lasima ni mtu mubole maana hujawahi kukasirika na makosa yangu ya kuandika."

"Sadia ana homa. Si kitu, itabita."

Hiyo ya homa ni ya mwezi wa kumi na moja. Halafu: wamepewa vidonge vya malaria. Halafu: homa imerudi. Halafu: amekonda, nguo zinamlegea, ila tumbo tu. Halafu nyingine: "Sijui kama unaweza kuulisa daktari huko Garissa hii ni ugonjwa gani. Kwenu kuna hosbitali kubwa. Ukiwa na nafasi tu."

Ukiwa na nafasi tu.

Nilimuuliza Kioko ni nani aliwaambia kuna dada anayesoma. Akafikiri kidogo. Akasema ni yeye, siku ya mafunzo, ili waone umuhimu wa kutuma. "Niliwaambia kuna dada Garissa anasoma kila neno." Akasema hivyo bila ubaya wowote. Ni maneno ya kufungia semina.

Najichukia leo. Sijui kama ni haki, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempigia baada ya swala ya Ijumaa.

Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake, na ngamia. Nilijitambulisha: Rukia, wa ofisi ya maji, Garissa. Akasema polepole, "Wewe ndiye dada?"

Nikasema ndiyo.

Akacheka, akapiga kelele kwa Kisomali kumwambia mtu kwamba dada wa Garissa amepiga. Nilimwuliza habari za Sadia. Akaacha kucheka. Homa inapanda jioni, inashuka asubuhi. Hali chakula. Tumbo upande wa kushoto limekuwa gumu. "Kama kuna jiwe ndani, walaal. Mkono unaisikia." Walaal, ndugu, ndivyo alivyoniita.

Halafu akasema lile neno. "Nilijua unasoma. Nilimwambia Sadia, huyu anasoma, lakini serikali imemkatasa kujibu."

Nilitakiwa kusema ukweli palepale. Nikasema, "Nitauliza daktari leo." Nimeificha aibu yangu nyuma ya msaada.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda kwa Fardosa, binti ya ami yangu, ambaye ni afisa wa tiba hospitalini. Alikuwa anafua. Nilipofika kwenye tumbo gumu upande wa kushoto akaacha nguo ndani ya beseni.

Anasema si malaria. Anasema ni kala-azar, karibu ana hakika bila kumwona. Wale usubi wadogo wa kwenye vichuguu na nyufa za ardhi ndio wanaoueneza, na wakati wa ukame watu wanalala nje karibu navyo. Wengu ndio unaovimba, ndilo lile jiwe. Kuna kipimo na kuna sindano, na mtu hupona. Zahanati haina sindano hizo. Mandera zipo. Asipopata, hafi kwa homa yenyewe, anakufa kwa sababu mwili hauwezi tena kupigana na chochote.

Nikauliza ana muda gani. Fardosa akaniangalia.

"Tangu mwezi wa kumi na moja?" akasema. "Rukia, aondoke leo."

Nilimpigia Bashir pale pale uani. Akasikiliza yote. Akasema hawezi kuondoka leo. Hakuna mwingine anayejua mashine. Mifugo ya watu imefika kutoka pande zote, kisima cha tatu kimekauka, na watoto wa shule wanakunywa hapohapo. Shemeji yake Issack anaweza kumshikia, lakini amehama na mbuzi kuelekea malisho na hana simu. Wametuma mtu.

Nikasema, basi Sadia aende na mtu mwingine. Akasema hawezi kusimama, atapandaje lori na mtu asiye wake?

Nilikuwa na hasira tu. Nani wa kukasirikiwa sijui.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemwomba Kioko apeleke mwendesha mashine wa muda. Amesema hiyo si kazi yetu, yetu ni jedwali. Amesema, "Rukia, ukianza kusoma kila mtu, utafanya kazi saa ngapi?"

Nilimwekea kwenye meza jumbe za Bashir, zote, zimechapwa. Nikatoka kununua chai. Niliporudi alikuwa amefika katikati, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Hakuniangalia. Akachukua simu, akampigia afisa wa maji wa Takaba, wakazungumza muda mrefu, kwanza kwa upole, kisha si kwa upole.

Hakuna mtu wa muda. Lakini kuna lori la maji linalorudi Mandera tupu kuchukua dizeli. Litapita kisimani Jumatano asubuhi. Dereva ana heshima, anasema Kioko, na mke wake anasafiri naye.

Mke wake anasafiri naye! Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu.

Jumanne, 11 Februari

Ujumbe wa Takaba leo: "MAJI yabo chini MASHINE imekufa MWISHO. Dada kesho siwesi."

Imekufa alfajiri. Watu wamekesha wakisubiri zamu na sasa wanagombana. Bashir amefungua injini, mikono imejaa grisi, anazungumza nami simu imebanwa begani. Nimemwambia amwache Sadia apande na mke wa dereva. Akasema Sadia mwenyewe amekataa.

Nikaomba kuzungumza naye. Kisomali changu ni cha jikoni, Mama ni Mpokomo wa kando ya mto na nyumbani tulikulia Kiswahili. Lakini nilijaribu. Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Aliniita abaayo, dada. Akasema maneno mengi, nikashika machache. Kwamba mashine kwanza. Kwamba watu wakikosa maji watasema ni kwa ajili yake. Kwamba hataki kuondoka na jina hilo.

Nikamwambia watu watasema tu, hata ukikaa. Akacheka kidogo, akakohoa sana.

Lori litapita bila yeye.

Alhamisi, 13 Februari

Ujumbe wa leo: "KISIMA takaba nne MAJI yabo MASHINE msima MWISHO."

Basi. Hakuna kitu baada yake. Ruwaza imefurahi sana. Mimi nimekaa nikiutazama.

Nimepiga simu, haipatikani. Nimepiga tena. Kioko amepita mara mbili akauliza, "Bado?" Sasa na yeye amekuwa mgonjwa wa jambo hili.

Ijumaa, 14 Februari

Wameondoka. Alhamdulillahi.

Issack alifika jana alasiri na vumbi lake. Bashir akamwonyesha mashine aliyotoka kuitengeneza, akabeba mke. Hakukuwa na lori. Mtu mmoja mwenye gari la miraa aliyekuwa akirudi Mandera amewachukua, amelaza kiti cha mbele, yeye mwenyewe akakaa nusu. Hamdi wamemwacha kwa mke wa Issack.

Bashir amepiga wakiwa njiani, mahali penye mtandao kidogo. Pua ya Sadia inatoa damu, haikomi. Nimemwunganisha na Fardosa. Yeye naye amempigia mtu aliyesoma naye, yuko Mandera, akahakikisha sindano zipo na kitanda kipo. Fardosa hajaniambia lolote kuhusu damu. Amesema tu waende.

Jumapili, 16 Februari

Wako Mandera. Kipimo kimeonyesha kala-azar. Ameanzishwa sindano jana, na wamemwongezea damu. Bashir mwenyewe ametoa, na dereva wa miraa pia, mtu ambaye hata jina lake hatulijui vizuri.

Leo Bashir ametuma ujumbe ambao hauna KISIMA, hauna MAJI, hauna chochote cha kushika. Ungepita kwenye programu yangu kama maji kwenye wavu. "Amekunywa uji. Amekula kibande ya mkate. Ameulisa Hamdi amekula nini."

Kisha akanipa Sadia kwenye simu. Sauti ni ileile ndogo lakini imesogea karibu. Ameniuliza kama nina mume. Nikasema nilikuwa naye. Watoto? Nikasema sina. Akasema kitu, Bashir akatafsiri kwa haya: "Anasema akibona atakutafutia Mandera. Kuna mmoja ana duka, ni mnene lakini mtulifu."

Nilicheka hadi Mama akatoka kuangalia. Sijacheka hivyo tangu Idris, aliyekuwa mume wangu, aondoke.

Jumanne, 18 Februari

Homa imeshuka. Fardosa anasema ni dalili nzuri, ila tusubiri. Yeye kila kitu ni tusubiri.

Jedwali safi. Wa Rhamu ameuza pikipiki.

Jumatano, 19 Februari

Kifua. Tangu jana jioni anapumua kwa shida. Wamesema ni nimonia. Fardosa amesema kwa sauti ya kazini, ile anayotumia kwa watu wasio wake: mwili haukubaki na askari.

Mama ametandika mkeka akasoma Yasini. Hamjui Sadia. Amemsomea kama binti yake.

Alhamisi, 20 Februari

Sadia amefariki leo kabla ya adhuhuri. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raji'un.

Bashir amenipigia yeye mwenyewe. Amesema, "Dada, amekwenda." Nikasema pole. Neno dogo hili. Akasema amezikwa Mandera, si nyumbani, kwa sababu ya joto na njia.

Siandiki zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Kioko alisema nisiende kazini. Nilikwenda. Nilifungua zile jumbe nikazisoma tena kwa mpangilio, kuanzia "Si kitu, itabita."

Ruwaza yangu haikuwa na kosa. Hilo ndilo linaloniuma. Ilifanya sawasawa nilivyoiambia. Nilichora mlango wenye upana wa neno moja, na mtu akasimama nje akibisha kila asubuhi, kwa adabu, akianza na salamu.

Fardosa anasema hata mtaalamu wa zahanati alimwona kwa macho na hakujua. Anasema nisijitukuze kwa kujilaumu. Labda. Lakini yule wa zahanati alimtazama, angalau.

Jumapili, 23 Februari

Nimemwambia Bashir.

Yuko kwa dada yake Mandera kwa matanga. Alikuwa ananishukuru. Alikuwa anamwambia mtu aliyekuwa kando yake kwamba huyu ndiye dada aliyesoma barua zetu mwaka mzima. Sikuweza kuvumilia.

Nikasema, "Bashir, sikuwa nasoma. Kuna mashine. Inachukua habari ya maji, nyingine inaitupa. Nilisoma mara ya kwanza ile wiki niliyokupigia."

Nilisikia watoto wanacheza mahali fulani.

"Ile ya Hamdi kutembea?"

"Sikuisoma wakati ule."

"Ya kuulisa daktari?"

"Hapana."

"Basi nilikuwa naandikia nani?"

Nikasema, "Hakuna mtu."

Akakata simu. Nilikaa na simu sikioni. Nilimtaka arudi anitukane.

Jumanne, 25 Februari

Kwa Takaba anatuma Issack. Anaandika kwa kifupi, anasahau MWISHO, ruwaza inamwacha kabisa. Najaza kwa mkono. Sitamsahihisha.

Nimebadilisha programu. Jedwali la mkutano linabaki kama lilivyo, lakini sasa yote yaliyo nje ya maneno manne yanakuja kwenye ukurasa mwingine, na ukurasa huo naufungua kwanza. Kioko amesema sawa. Hakuuliza muda utatoka wapi.

Leo: wawili asante. Mmoja anasema nyani wamevunja bomba. Mmoja wa kisima cha jirani na Takaba anasema mtoto wa ndugu yake ana homa ya siku nyingi, tumbo limekuwa kubwa. Nimempigia kabla chai haijapoa. Fardosa ametoa taarifa, na wale wa Mandera wamesema watatuma watu wa kupima vijiji vile.

Nilipaswa kufurahi. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi.

Alhamisi, 27 Februari

Yule mtoto amefika Mandera. Ni kala-azar. Ameanza sindano, anakula.

Jana Mama aliniambia nisitafute Sadia kwa kila mgonjwa. Sikumjibu vizuri. Leo nimemletea ndizi.

Ijumaa, 28 Februari

Bashir amepiga. Sikumtegemea. Amerudi kisimani, mtandao unakatikakatika.

Hakusalimu kwa urefu kama kawaida yake. Alisema alikuwa na hasira. Alisema alitaka kurusha simu kisimani, lakini ni simu ya kazi. Alisema Sadia amekufa akijua kuna mtu Garissa alikuwa anasoma habari zake, na yeye hajui amshukuru Mungu kwa hilo au aone uchungu zaidi.

Nilisema naomba radhi. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe.

Nikamwambia jumbe zake zote ninazo. Kwamba ninaweza kuzitoa, safi, bila KISIMA wala MAJI, nizichape nimpelekee kwa basi. Zina habari za Sadia nyingi, na Hamdi akikua angependa kujua mama yake alisema nini.

Nilisikia upepo kwenye simu.

"Hamdi nitamwambia kwa mdomo," akasema. "Hiyo niliandika kwako. Soma wewe."

Nimesoma. Zote, kutoka ya kwanza, moja moja, bila kuruka. Imenichukua alasiri yote. Kuna moja ya mwezi wa tano inayosema tu: "Leo hakuna habari. Sisi watatu wasima."

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani. Mchana umekuwa mrefu, Kioko, ambaye hafungi, anakunywa maji yake nje ya ofisi akijificha nyuma ya gari, tunamcheka.

Tulikuwa tumefuturu, mimi na Mama, tumeketi uani, simu ikalia. Bashir. Nilidhani mashine imekufa tena.

Alikuwa anaona haya. Alizunguka sana. Nikamwuliza habari za Issack, nikamwuliza habari za mvua. Mwishowe akasema ni nywele za Hamdi. Tangu msiba hazijasukwa. Mke wa Issack amehama na mbuzi, dada yake yuko mbali, na hapo kisimani ni wanaume na ngamia. Amejaribu kuchana, mtoto analia, kitana kimevunjika meno.

Nikamwuliza alichana nywele zikiwa kavu? Akasema ndiyo.

Mama akasikia. Akanyoosha mkono akachukua simu bila kuniomba. Akamwambia, "Mwanangu, zikiwa kavu utamwumiza. Una mafuta ya simsim?" Ana. "Paka kwanza. Paka kwa vidole mpaka chini kwenye ngozi, kisha mwache acheze kidogo. Ukichana anza kwenye ncha. Usianzie juu."

Bashir akarudia yote, ncha kwanza, juu baadaye, kama mtu anayeshika maagizo ya injini. Mama akamwambia amkalishe katikati ya magoti yake asikimbie, na amwambie hadithi.

Hakukata simu. Aliiweka chini mahali fulani. Tukasikia kifuniko cha chupa, mtoto akilalamika kwa Kisomali, Bashir akimbembeleza. Hamdi alilia kidogo. Kisha akaacha. Kisha sauti ya baba yake peke yake, ikisimulia jambo la fisi, polepole, na Hamdi akiuliza kitu, na kujibiwa.

Mama akaniwekea tende kiganjani. Tuliendelea kusikiliza hadi salio la Bashir likaisha.